Kipimo cha damu cha usahaulifu: Mizani yake ilipangwa kwa damu ya nani?

Na Mwandishi wa Habari za Kikanda, Bujumbura

MFANYABIASHARA yeyote anayevuka Gatumba kwenda Uvira anaujua ugomvi wa mizani. Gunia la ndagala lililopimwa kilo 50 upande huu linaweza kusoma kilo 47 upande wa pili. Samaki ni wale wale na gunia ni lile lile. Mtu mwenye busara hamwiti mwenzake mwizi kabla ya kuuliza: mizani hii ilipangwa kwa jiwe gani?

Swali hilo sasa linaulizwa katika maabara za tiba, na safari hii kinachopimwa ni damu ya binadamu. Wanasayansi wamepata njia ya kupima damu ili kutambua dalili za ugonjwa wa Alzheimer, ule unaomfanya mzee asahau majina, njia ya nyumbani na hatimaye sura za wanawe. Ni hatua kubwa. Lakini namba zinazotumika kusema huyu mgonjwa na huyu mzima zimetokana kwa sehemu kubwa na damu ya Wazungu wa Marekani na Ulaya. Walipoanza kuwapima Wamarekani weusi kwa vipimo hivyo hivyo, baadhi ya namba hazikukaa sawa.

Kwa nini jambo hili limhusu mtu wa vitenge, mchele au mikeke? Kwa sababu biashara ya mpakani inaendeshwa na kumbukumbu. Deni la Bukavu, mali iliyoachwa kwa dereva wa Kobero, bei ya jana Kigoma: mengi ya hayo hayako kwenye karatasi, yako kichwani. Chukulia mama mwenye miaka 66 wa hapa Buyenzi, aliyeuza vitambaa miaka 30. Anaanza kulipa mzigo mmoja mara mbili. Kisha anamdai mteja aliyekwisha kumlipa. Watu wa soko wanasema amekuwa mjanja. Watoto wanasema ni uzee. Jirani ananong'ona kuwa amerogwa, au mbaya zaidi, kuwa yeye ndiye mchawi. Mtaji unayeyuka, na hakuna aliyetaja ugonjwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimensia, yaani hali ya ubongo kudhoofika hadi mtu ashindwe na shughuli zake za kila siku. Zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Alzheimer ndiyo chanzo kikubwa, ikichukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote.

Kipimo chenyewe

Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza mbele ya wenzake ubongo wa mwanamke aliyekuwa amefariki baada ya miaka ya kuchanganyikiwa na kusahau. Ndani yake aliona vitu viwili: madoa kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Leo madoa yale yanajulikana kuwa ni protini iitwayo amiloidi, na nyuzi ni protini iitwayo tau.

Kwa miaka mingi uhakika ulipatikana kwa kuupasua ubongo baada ya mtu kufa. Baadaye zikaja njia mbili kwa walio hai: picha ya ubongo ya PET, ambayo ni ghali na huhitaji mitambo mikubwa, au kuchoma sindano mgongoni na kutoa maji ya uti wa mgongo. Zote mbili ziko mbali na mtu wa kawaida, iwe Bujumbura, Goma au Kahama.

Damu imebadilisha hesabu. Mashine za sasa zinaweza kugundua chembe ndogo mno za protini hizo zinazovuja kutoka kwenye ubongo hadi kwenye damu. Zinazopimwa zaidi ni nne: uwiano wa aina mbili za amiloidi, 42 na 40, tau ya aina ya 181, tau ya aina ya 217, na protini inayoonyesha kuwa neva zinaharibika, ijulikanayo kwa herufi NfL. Mwezi Mei 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kwa mara ya kwanza kipimo cha damu cha Alzheimer, Lumipulse cha kampuni ya Fujirebio. Ruhusa hiyo ni kwa watu wazima ambao tayari wana dalili, na majibu yake yasomwe pamoja na uchunguzi mwingine wa daktari.

Kipimo cha namna hii kinatoa namba, nayo huhitaji mstari wa mpaka: chini ya hapa uko salama, juu ya hapa una ugonjwa. Mstari huo haukushuka kutoka mbinguni. Watafiti huuchora baada ya kuwapima watu fulani, mahali fulani.

Namba zilipotofautiana

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, wakiongozwa na John Morris, walichapisha matokeo yaliyowashtua wengi. Katika maji ya uti wa mgongo, Wamarekani weusi walikuwa na tau ndogo kuliko weupe. Hali hiyo ilikuwa ya ajabu, kwa kuwa takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa wazee weusi hupata dimensia takriban mara mbili ya weupe.

Mwaka 2022 timu ya chuo hicho hicho, safari hii chini ya Suzanne Schindler, ikageukia damu. Walichukua watu weusi 76 na kumtafutia kila mmoja mwenzake mweupe anayefanana naye kwa umri na hali ya kumbukumbu. Waliona kuwa vipimo vya tau 181, tau 231 na NfL havikubashiri sawasawa kwa makundi yote mawili nani ana amiloidi kwenye ubongo. Uwiano wa amiloidi 42 na 40, uliopimwa kwa mashine ya usahihi wa juu, haukuonyesha tofauti hiyo.

Maana yake ni nini kwa mgonjwa? Mstari mmoja ukitumika kwa wote, mtu mweusi anaweza kupewa jibu lisilo lake. Mwenye ugonjwa akaambiwa mzima, au mzima akabebeshwa jina la ugonjwa usio na tiba ya kuuondoa.

Hasara haikuishia kwenye vipimo. Dawa mpya ya lecanemab, iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani Julai 2023, ilijaribiwa kwa karibu watu 1,800, na weusi walikuwa chini ya watatu katika kila mia. Sehemu ya sababu ni kwamba wengi wa waliojitolea walikataliwa mlangoni, kwa kuwa amiloidi yao haikufika kiwango kilichowekwa. Dawa hiyo ilitoka sokoni kwa bei ya dola 26,500 kwa mwaka, mtaji ambao wengi wa wasomaji wa gazeti hili hawajawahi kuushika mkononi kwa mara moja.

Je, ni rangi?

Hapa ndipo pa kwenda taratibu. Ni rahisi kusema: basi damu ya mtu mweusi ni tofauti. Ushahidi hausemi hivyo.

Tuanze na utafiti mkongwe ulioanza mwaka 1992, uliolinganisha wazee wa Ibadan, Nigeria, na wazee weusi wa Indianapolis, Marekani. Waliutekeleza Hugh Hendrie, Adesola Ogunniyi na wenzao kwa njia zinazofanana pande zote mbili. Matokeo ya mwaka 2001 yalikuwa haya: Indianapolis, wazee wapya waliopata Alzheimer kila mwaka walikuwa asilimia 2.52. Ibadan walikuwa asilimia 1.15. Wote ni weusi, na mababu wa wengi wa wale wa Marekani walichukuliwa kutoka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati. Lakini kundi moja lilipatwa mara mbili ya jingine. Kama rangi ndiyo ingekuwa sababu, namba hizo zingekaribiana.

Hata jeni iitwayo APOE ya aina ya e4, ambayo huongeza sana hatari kwa watu wenye asili ya Ulaya, nguvu yake imeonekana dhaifu zaidi miongoni mwa Wayoruba. Na Wayoruba si Warundi, Warundi si Wasomali, Wasomali si Wamakonde. Tofauti za vinasaba ndani ya Afrika ni nyingi kuliko za bara jingine lolote. Neno "mweusi" kwenye fomu ya hospitali ya Chicago linamfunika mtu ambaye hana uhusiano wa karibu wa damu na muuza ndizi wa Cibitoke.

Kwa hiyo namba zinatofautiana kwa sababu gani? Mwaka 2022 utafiti wa Michelle Mielke na wenzake katika jarida la Nature Medicine ulitoa sehemu ya jibu. Walionyesha kuwa kiwango cha tau katika damu hupanda kwa mtu mwenye ugonjwa sugu wa figo, hata kama ubongo wake hauna tatizo, kwa kuwa figo dhaifu hazisafishi damu vizuri. Uzito mkubwa wa mwili nao huishusha namba. Mtu mwenye presha ya miaka 15 isiyotibiwa, figo zikaanza kuchoka, anaweza kusomwa kuwa ana Alzheimer kumbe tatizo liko kiunoni.

Kuna upande wa pili. Presha na kisukari huziba mishipa midogo ya ubongo, na hapo mtu husahau kwa sababu ya viharusi vidogo vidogo, si kwa sababu ya amiloidi. Kipimo cha Alzheimer kitatoka safi. Familia ikiambiwa "hana kitu", itarudi kwenye maneno ya uchawi au ujanja, wakati dawa ya presha ya bei ndogo ingeweza kuzuia kiharusi kinachofuata.

Kwa Wamarekani weusi, presha, kisukari na ugonjwa wa figo ni vingi kuliko kwa weupe, na vimeambatana na umaskini, shule duni na hospitali za mbali. Rangi kwenye fomu ilikuwa kivuli cha mambo hayo. Ukipima kivuli, hujampima mtu.

Somo la figo

Tiba imewahi kukosea hapa. Kwa miaka mingi hesabu iliyotumika kukadiria uwezo wa figo ilikuwa na kipengele cha rangi. Katika fomula iliyoenea tangu 2009, mgonjwa mweusi aliongezewa takriban asilimia 16 juu ya matokeo yake, kwa hoja kuwa miili ya weusi ina misuli mingi. Kwenye karatasi figo zake zilionekana nzuri kuliko zilivyo. Mgonjwa akachelewa kupelekwa kwa bingwa, akachelewa kuingia kwenye orodha ya kupandikizwa figo. Mwaka 2021 wataalamu wa Marekani waliondoa kipengele hicho, na fomula mpya haiulizi rangi.

Ndiyo maana watafiti wengi wanaonya dhidi ya kuweka mstari mmoja wa Alzheimer kwa weupe na mwingine kwa weusi. Wanataka kipimo kinachoulizia hali ya figo, uzito na magonjwa mengine ya mgonjwa aliye mbele ya daktari, na kiwe kimejaribiwa kwa watu wa mahali kitakapotumika.

Eneo letu lina sababu zake za kuiogopa njia ya rangi. Wakoloni wa Kibelgiji katika Ruanda-Urundi walipima pua na vimo vya watu na kuwagawa kwa jina la sayansi. Huko Rwanda, miaka ya 1930, wakaandika kabila kwenye vitambulisho. Burundi na Rwanda zinajua mgawanyo ule ulizaa nini. Mtu wa hapa akisikia kuwa damu ya kundi fulani ni ya namna yake, ana haki ya kuuliza maswali mawili zaidi.

Tulicho nacho mkononi

Afrika Mashariki haianzi na mikono mitupu. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walikwenda nyumba kwa nyumba na kuwachunguza wazee wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kuwa asilimia 6.4 walikuwa na dimensia, kiwango kisicho mbali na cha nchi tajiri. Yalivunja dhana kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu.

Watafiti wa Hai waliona jambo jingine. Maswali ya kupima kumbukumbu yaliyotoka Ulaya yaliwataka wazee waandike, wachore na wapige hesabu za darasani. Mzee ambaye hakusoma alifeli hata kama akili yake ilikuwa timamu. Wakatengeneza kipimo chao cha vipengele sita, kiitwacho IDEA. Humwuliza mzee daraja ni kitu gani, kiongozi wa kijiji ni nani, leo ni siku gani. Humtaka ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, apange njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, na akumbuke maneno aliyosomewa awali. Hakihitaji kalamu, kwa hiyo hakimwadhibu mtu kwa kukosa shule. Hiyo ni mizani iliyopangwa kwa jiwe la hapa.

Upande wa damu, kazi imeanza Kinshasa, ambako timu ya Jean Ikanga, Mkongo anayefanya kazi na Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani, imepima protini hizi kwa wazee wenye dalili na wasio na dalili. Waliopimwa hawakufika mia moja, idadi ndogo mno kwa nchi yenye mamilioni ya watu, lakini ni mwanzo. Nairobi, Chuo Kikuu cha Aga Khan kina Taasisi ya Ubongo na Akili inayoshughulikia utafiti wa aina hiyo.

Na hapa Bujumbura? Wengi wanaopita mjini hawajui kuwa Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, chombo rasmi cha Jumuiya, ina makao yake makuu katika mji huu. Kazi yake ni kuratibu utafiti wa afya kati ya nchi wanachama. Kama kuna jambo linalohitaji uratibu huo, ni hili. Nchi moja peke yake itachukua miaka mingi kupata watu wa kutosha wa kuchora mstari wa kuaminika. Damu ya wazee wa Ngozi, Kivu, Kigoma, Mbarara na Kisumu, ikipimwa kwa utaratibu mmoja na kwa ridhaa ya wenyewe, ingetoa viwango vya rejea ambavyo hakuna maabara ya ng'ambo itakayotupatia.

Wafanyabiashara wanaijua faida ya jambo hilo. Jumuiya ilikubaliana juu ya cheti chepesi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ili muuzaji mdogo asibishane upya kila mpaka. Bidhaa zimepata utaratibu wa pamoja. Vipimo vya ubongo wa mzee bado havina.

Ukiletewa kipimo

Vipimo vya damu vitafika, kama simu zilivyofika. Vitakuja pia na wachuuzi wa matumaini, watakaoahidi kusoma kumbukumbu yako kwa tone moja la damu. Kabla ya kutoa pesa, uliza mambo manne.

Kwanza, je, mzee ana dalili? FDA yenyewe haikuruhusu kipimo hiki kwa mtu mzima asiye na tatizo. Pili, je, figo, presha na sukari vimepimwa? Bila hivyo, namba ya tau inaweza kupotosha. Tatu, viwango vya rejea vimetoka kwa watu gani? Maabara makini haichukizwi na swali hilo. Nne, je, daktari ameondoa sababu nyingine? Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, sonona, kaswende ya muda mrefu, Virusi vya Ukimwi na hata baadhi ya dawa za usingizi huleta usahaulifu, na mengi ya hayo hutibika. Mjini hapa, Kituo cha Neva na Magonjwa ya Akili cha Kamenge ni mojawapo ya mahali pa kuanzia.

Yapo pia ya kufanya bila maabara. Jopo la jarida la Lancet lilitangaza mwaka 2024 kuwa karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14. Mengi ni ya kawaida: presha, kisukari, lehemu, sigara, pombe iliyozidi, usikivu na macho yasiyotibiwa, kipigo cha kichwa, moshi, upweke na kukosa shule. Dereva wa pikipiki anayemwambia abiria avae kofia ngumu anaulinda ubongo wake wa miaka 30 ijayo. Mama anayemrudisha binti shule badala ya kumtuma sokoni naye anafanya hivyo hivyo.

Na kwa biashara yenyewe: andikeni madeni. Mzee wa duka awe na mtu mmoja anayeaminika anayeyajua mahesabu, mapema, kabla dalili hazijaanza. Akianza kurudia maswali au kupotea njia aliyoizoea, msimnyang'anye funguo kwa aibu mbele ya wateja. Mkalisheni, mwambieni, mpelekeni hospitali. Mama yule wa Buyenzi anayelipa mara mbili huenda ana Alzheimer, huenda ana presha, huenda ni upungufu wa vitamini tu. Hakuna kati ya hayo kinachojulikana kwa kutazama rangi yake, na hakuna kinachotibiwa kwa kumsengenya.